Muda wa Kuanguka

Kaka yangu alianguka kutoka kwenye mti wa parachichi nyumbani kwetu Izigo, asubuhi ya siku ya kazi, mimi nikiwa darasani Bukoba. Alikuwa amepanda kukata tawi. Tawi lile lilikuwa limelala juu ya bati la nyumba ya mama, na kila msimu maparachichi yaliyoiva yalidondokea bati hilo kwa kishindo, usiku na mchana. Mama alikuwa akisema hapati usingizi. Alisema hivyo kwa miaka mingi, jinsi wazee wanavyosema juu ya magoti yao, bila kutarajia kwamba kuna mtu atafanya lolote. Siku hiyo kaka akavua viatu, akachukua panga, akapanda.

Aliyenipigia simu ni wifi yangu, mke wake. Yeye ni mzaliwa wa Kashozi, mtu wa maneno machache tangu siku alipoletwa kwetu.

"Wifi, kaka yako ameanguka," alisema.

"Ameanguka wapi?"

"Kwenye mti. Njoo."

"Mmempeleka hospitali?"

"Njoo tu," akasema.

Kwetu, mtu akikuambia njoo tu, huulizi tena. Nilirudi darasani, nikachukua dasta, nikafuta ubao wote. Wanafunzi walikuwa bado wananakili zoezi nililowaandikia. Hakuna aliyelalamika. Nilikunja koti langu la maabara, nikalibeba mkononi badala ya kuliacha ofisini, na nikafika nalo msibani.

Mwalimu mwenzangu mmoja alinipeleka kwa gari lake. Njiani alizungumza, kisha akaona sijibu, akaacha. Nakumbuka tulipopita Kemondo nilisoma maandishi ya kila duka. Nakumbuka pia kwamba kabla hatujafika Muhutwe nilikuwa nimeshaanza kukadiria urefu wa mti ule, bila kukusudia. Nafundisha fizikia. Nilichukua urefu wa nyumba, nikaongeza kimo cha tawi juu ya paa, na hesabu ikajifanya yenyewe kichwani kama wimbo usioupenda. Jibu lilikuja: chini ya sekunde mbili. Nikalikagua, nikaliona ni sahihi, nikatazama nje.

Tulipofika, kaka alikuwa ameshalazwa sebuleni, na majani yalikuwa yametandazwa sakafuni ili wanawake wakae. Wifi alikuwa kichwani pake, analia kwa sauti ya chini isiyokatika. Mama alikuwa ameegemea ukuta, miguu ameinyoosha mbele, halii. Nilikaa kando yake. Alinishika kifundo cha mkono, akakishikilia hivyo hadi jioni, kama mtu anayesubiri kuhisi mapigo ya moyo.

Tulimzika kesho yake kwenye kibanja, kati ya migomba, pembeni ya baba. Katekista aliongoza sala kwa sababu padre alikuwa safarini. Shangazi yangu alinikumbatia, akanitikisa mabega. "Lia, mwanangu. Usizuie, utaugua." Sikuwa nazuia kitu. Kama umewahi kuchomwa sindano ya ganzi ili ung'olewe jino, unajua jinsi unavyoweza kulishika shavu lako mwenyewe ukaliona ni la mtu mwingine. Nilikuwa hivyo, ila si shavu tu. Nilipokea mikono ya watu. Nilisema asanteni kwa kuja. Nilihesabu viti vya kukodi nikaona vinatosha.

Kaka alikuwa mkubwa kwangu kwa miaka michache tu. Baba alipofariki yeye alibaki na shamba, mimi nikaendelea na shule, na hatukuwahi kulizungumza jambo hilo kama dhuluma, kwa sababu yeye alipenda shamba na mimi sikulipenda. Alikuwa mtu wa kucheka haraka. Alikuwa mwoga wa nyuki na wa madaktari, basi. Mtu yeyote akimsimulia jambo, hata dogo, jogoo wa jirani au bei ya vanila, alishangaa kwa uso mzima, na watu walipenda kumsimulia kwa sababu hiyo. Tulipokuwa watoto alipanda mti uleule akiwa na jani mkono mmoja na kijiwe mkono wa pili, akaviachia pamoja, na mimi chini nikatangaza mshindi. Kijiwe kilishinda kila mara. Kila mara alisema, "Hebu tena," kana kwamba safari hii jani lingejitahidi.

Nilirudi Bukoba baada ya siku za matanga. Naishi Bilele, chumba na sebule, ndani ya uzio mmoja wenye nyumba kadhaa. Jirani yangu wa karibu ni mama mmoja Mwislamu, mtu mzima, ambaye babu yake alikuja hapa kutoka pwani kufanya biashara na hakurudi. Huniita mwalimu, nami humwita bibi. Jioni ya kwanza alibisha hodi, akaingia, akakaa.

"Mwalimu, umekula?"

"Nimekula, bibi."

"Umekula nini?"

Bibi alitoka bila kungoja jibu, akarudi na bakuli la wali na maharage ya nazi, akaliweka mapajani mwangu, akanitazama hadi likaisha. Kisha akachukua bakuli lake.

"Kesho nitakuja tena," alisema. "Sitakuuliza kama umekula."

Alikuja kesho yake, na siku zilizofuata. Hakuniambia kuhusu subira wala mipango ya Mungu. Alinieleza habari za mkwewe aliyeko Mwanza, na za bomba la maji lililopasuka mtaa wa pili. Nilimsikiliza kama unavyosikiliza redio ya nyumba jirani.

Shuleni mada iliyofuata ilikuwa miili inayoanguka. Mkuu wa idara yetu, mtu mpole, aliniita pembeni ya chumba cha walimu.

"Mada hii naweza kukufundishia mimi," alisema. "Wewe chukua kidato cha kwanza, wapo kwenye vipimo."

"Hapana, nitafundisha."

"Hakuna atakayekulaumu."

"Najua. Nitafundisha."

Sikusema hivyo kwa ushujaa. Niliona tu hakuna tofauti kati ya mada moja na nyingine. Sisi hufundisha kwa Kiingereza ubaoni na kwa Kiswahili midomoni, na katika kila swali la mtihani la mada hii kuna sentensi moja fupi ya Kiingereza ambayo maana yake ni: puuza ukinzani wa hewa. Niliiandika ubaoni. Nikawaambia kwamba leo, kabla ya kujifunza kuipuuza hewa, tutaiangalia kwanza inafanya nini.

Nilichukua karatasi mbili zilizo sawa. Moja nikaifinyanga ikawa kama tonge, nyingine nikaiacha wazi. Msichana mrefu alipanda juu ya meza, akaziachia pamoja. Tonge lilifika chini moja kwa moja. Karatasi iliyo wazi ilisita, ikateleza kushoto, ikajirudi, ikatua karibu na mlango. Darasa likacheka kama madarasa yote yanavyocheka hapo.

"Uzito ni uleule," nilisema. "Kilichobadilika ni nini?"

"Umbo," walijibu.

"Ndiyo. Kitu kinachoanguka kinaisukuma hewa iliyo chini yake, na hewa inakisukuma kurudi juu. Kikiwa kipana, kinasukumwa zaidi. Kadiri kasi inavyoongezeka, hewa nayo inazidi kusukuma. Mwisho msukumo wa hewa unalingana na uzito wa kitu. Hapo kasi haiongezeki tena. Kitu kinaendelea kuanguka, lakini kwa kasi ileile."

Ulikuwa mwezi wa Novemba, msimu wa senene, panzi wetu wa kula, na mji mzima usiku ulikuwa na watu walio chini ya taa wakiwa na mifuko. Kijana mmoja wa dawati la nyuma akanyoosha mkono.

"Mwalimu, senene wanaanguka kutoka juu kabisa, wanapiga bati, wanapiga lami, halafu wanaruka tena. Kwa nini hawafi?"

Lilikuwa swali zuri, nikamwambia hivyo. Nikaeleza kwamba senene ni mwepesi mno ukilinganisha na upana wa mwili wake na mabawa yake. Hewa inamkamata mapema. Akishaanguka kidogo tu, ameshafika kwenye ile kasi isiyoongezeka, na kwake kasi hiyo ni ndogo. Umtupe kutoka kwenye kiti au kutoka kwenye mnara, anafika chini vilevile.

"Na mtu, mwalimu?"

Msichana wa dawati la mbele aligeuka akamkazia macho. Mwingine akamgusa bega. Kijana akaelewa, uso wake ukabadilika, mkono bado uko hewani. Walikuwa wanajua wote. Shule nzima ilichanga rambirambi.

Nilimjibu, kwa sababu jibu lilikuwepo. "Mtu ni mzito kwa upana alionao. Hewa ingemfikisha kwenye kasi isiyoongezeka baada ya kuanguka kutoka mbali sana, kama kutoka kwenye ndege. Ndiyo maana ya mwavuli wa kurukia: unampa upana asiokuwa nao. Lakini mtu akianguka kutoka kwenye mti, hewa haipati muda wa kumsaidia. Kwa hiyo kwenye hesabu unaipuuza."

Nikaandika kichwa cha habari kinachofuata. Nilisikia sauti yangu, ilikuwa ya kawaida. Kipindi kilipoisha yule kijana alinifuata koridoni, akasema, "Mwalimu, samahani." Nikamwambia swali halina samahani. Nikaenda kusahihisha madaftari.

Jumamosi moja kabla ya Krismasi nilikwenda Izigo. Baba mdogo alikuwa ameamua mti ukatwe, na alikuwa ameleta watu wenye msumeno wa mashine kutoka Muleba. Wifi alikubali. Mama hakuulizwa, na alipoambiwa alisema tu, "Sawa." Alihamisha kigoda chake upande wa pili wa nyumba, akakaa akiupa mti mgongo.

Mimi nilisimama kutazama. Walifunga kamba, wakaukata upande mmoja, kisha mwingine. Nilitegemea ungeanguka kwa ghafla. Ulikwenda taratibu mwanzoni, kwa sababu ya majani mengi yaliyokuwa yakipigana na hewa, ukainama kama mtu anayetafuta kitu chini, kisha ukaongeza kasi ukalala. Vumbi likapanda. Baba mdogo akasema, "Basi." Watoto wa majirani wakakimbilia maparachichi mabichi. Mimi niliangalia mwanga mpya uliokuwa umeingia uani, mahali ambapo maisha yangu yote palikuwa na kivuli, nikawaza kwamba sasa nguo zitakauka vizuri.

Mashine iliponyamaza mama akaniita. Sisi nyumbani huzungumza Kihaya, na mama Kiswahili chake ni cha kanisani na sokoni, kwa hiyo ninayoandika hapa ni maneno yake kama nilivyoyaelewa.

"Kaa," alisema. Nikakaa chini, kwenye mkeka. "Wewe unafundisha mambo ya vitu kuanguka. Shangazi yako ameniambia."

"Nafundisha mengi, mama."

"Na hayo?"

"Na hayo."

Alikunja ukingo wa kitenge chake, akaukunjua. "Nataka kukuuliza, na unijibu kama unavyowajibu wanafunzi wako. Alipata muda wa kusali?"

Sikumwelewa mara moja. Kisha nikamwelewa. Kaka hakupewa mpako wa wagonjwa, ule padre anaompa mtu kabla hajafa. Hakuwa ameungama tangu Pasaka. Mama alikuwa ameyabeba hayo wiki zote hizo, pamoja na lile jingine ambalo hakuna aliyelitamka, kwamba tawi lilikatwa kwa ajili ya usingizi wake.

"Ni muda mfupi, mama," nilisema.

"Mfupi kiasi gani?"

"Mfupi sana."

"Hewa haikumshika hata kidogo? Jani likianguka, linaelea."

"Jani ni jani. Mtu mzito hewa haimshiki, si kwa urefu ule."

"Na matawi ya chini?"

"Labda moja lilimgusa. Sijui."

Akafikiri. "Nionyeshe," alisema.

"Nikuonyeshe nini?"

"Huo muda. Nionyeshe ulivyo."

Nilifikiri kukataa, nikaona kukataa kungekuwa kazi kubwa kuliko kukubali. Nikamwambia nitapiga makofi mara mbili. Mpigo wa kwanza ni pale alipoteleza. Wa pili ni pale alipofika. Nikapiga. Nikapiga tena.

Mama alikuwa amefumba macho. "Rudia."

Nikarudia. Safari hii alianza sala ya kutubu, ile wanayofundishwa watoto wa komunyo ya kwanza. Alifika kwenye "Mungu wangu" na mpigo wa pili ukamkata. Alijaribu tena kwa haraka zaidi, maneno yakagongana. Ningeweza kuuchelewesha mpigo wa pili. Hakuna ambaye angejua, na mikono ilikuwa yangu. Sikuuchelewesha. Sijui kama ulikuwa uaminifu, au ni kwamba siku zile sikuwa na nguvu ya kufanya kitu kingine zaidi ya kilicho sahihi.

"Haiingii," alisema mama.

"Haiingii."

"Piga tena."

Nikapiga. Kati ya mipigo miwili akasema, "Yezu." Akafumbua macho. Neno lilikuwa limeingia na nafasi ikabaki.

"Tena."

"Yezu, Maria," akasema, na mpigo wa pili ukaja baada yake.

"Linaingia," alisema.

"Linaingia, mama."

"Inatosha. Yule mwizi msalabani hakusema mengi." Akashika ukuta, akainuka. "Asante, waitu, mwanangu. Njoo tumenye ndizi, watu wa msumeno hawajala."

Tukamenya ndizi. Siku hiyo mama alikula sahani nzima mbele yetu. Mimi nilirudi Bilele Jumapili, nikafua, nikapiga pasi, Jumatatu nikasimamia mtihani.

Habari zilizofuata nilizipata kidogokidogo kwa simu. Mama alianza kwenda tena kwenye sala za jumuiya. Mama ameongoza rozari. Kisha shangazi akanieleza kwa furaha kwamba mama amewaambia watu wote wa jumuiya kuwa mwanawe alikufa na jina la Yesu mdomoni, na kwamba mimi, mwalimu, nimelithibitisha. Sikumsahihisha. Nilichokuwa nimesema ni kwamba linaingia. Kwamba lilisemwa, hilo sikulisema.

Mwezi wa saba, wakati wa likizo, kahawa ilikuwa imeiva. Nilikaa Izigo siku kadhaa kumsaidia wifi. Asubuhi moja tulikuwa tunageuza kahawa kwenye turubai uani, yeye upande mmoja na mimi mwingine, kila mmoja na reki yake, mama yuko ndani.

"Wifi," alisema bila kuinua kichwa, "yale anayosema mama. Ni kweli?"

"Nilimwambia muda unatosha kwa neno moja au mawili. Basi."

Akavuta reki mara chache. "Mimi nilikuwa chini," alisema. "Nilikuwa naokota matawi aliyoyakata. Nilimsikia."

Nilisimamisha reki.

"Alisema, 'Eh!'" wifi alisema. "Hivyo tu. Kama mtu aliyesimuliwa jambo."

Niliusikia mshangao ule kama ulivyokuwa, wa kaka, wa uso mzima. Kitu kifuani kikasogea, kidogo, kama mguu uliokaliwa muda mrefu unapoanza kurudisha damu, na kikaniuma. Sikulia. Nilishika mpini wa reki na kungoja kipite, na hakikupita chote.

"Umemwambia mama?" niliuliza.

"Hapana."

"Utamwambia?"

"Nimwambie ili iweje?" Aliitazama nyumba. "Mimi ndiye ninayelala naye humo. Analala sasa."

"Basi mimi pia sitamwambia."

"Najua," alisema wifi. Akaongeza, kwa sauti ileile, kwamba ndugu zake wa Kashozi walikuwa wamekuja kumuuliza kama atarudi kwao, na kwamba amewajibu atabaki na mama hadi mwaka mwingine, halafu ataona. Aliuliza kama nina neno. Nikasema sina, abaki. Nikasema asante, na ilikuwa mara ya kwanza kumshukuru kwa jambo lolote.

Upande wa ziwa mbingu ilikuwa imeanza kuwa nzito, mvua isiyo ya msimu wake. Mama akachungulia mlangoni, akatupigia kelele kwamba tumesimama kupiga soga na kahawa ya watu italowa. Wifi akashika pembe mbili za turubai, nami nikashika mbili, tukaikunja kahawa katikati, tukaiburuta hadi barazani.